Povu Lisilo la Sabuni

Dobi huyu watu walimwita Mstari, na jina hilo alilitolea jasho. Suruali ikipita mikononi mwake ilitoka na mstari mbele ya paja, wima, wa kukaa siku nzima hata kama mwenye suruali alikuwa mtu wa kujiangusha vitini. Walimu wa shule ya jirani walimletea suruali zao, karani wa mahakama alimletea zake, na mwenye duka la dawa alileta makoti meupe kila Jumatatu. Mstari alikuwa na miaka arobaini na tisa. Ishirini na minne kati ya hiyo aliimaliza akifua nguo za watu, na ungemuuliza anajua nini hapa duniani angekujibu bila kupepesa macho kwamba anajua sabuni.

Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na kaunta ya mbao, meza ya pasi iliyotandikwa blanketi kuukuu, na rafu za nguo zilizofungwa kwa majina ya wenyewe. Uani kulikuwa na bomba, makarai manne, kamba tatu za kuanikia na choo. Maji ya makarai yalimwagwa chooni, kwa sababu mtaro wa nje ulikuwa wa mtaa mzima na majirani walikwisha kupiga kelele vya kutosha. Kwa hiyo choo cha nyumba ile kilikuwa na povu asubuhi, mchana na jioni. Wageni walishangaa. Wenye nyumba hawakuliona tena, kama seremala asivyoliona vumbi la mbao lililoganda kwenye nyusi zake. Povu hilo ndilo lililomponza.

Mkewe aliitwa Mama Vifungo. Alirudishia vifungo vilivyong'oka, alikagua kola, na alizungumza na wateja, kwa kuwa mumewe alipozungumza nao aliwafukuza. Mtu akileta shati lenye doa la wino na kuuliza kama litatoka, Mstari alimjibu, "Wewe ulipolitia ulifikiria nini?" Mama Vifungo alisema, "Acha tuone, ndugu yangu," na mteja akarudi wiki iliyofuata na nguo nyingine.

Mwaka ule Mstari alianza kunenepa, au ndivyo walivyosema wote. Mashavu yalijaa. Karani wa mahakama alimwambia mbele za watu, "Naona mama anakutunza," na mmoja wa walimu akaongeza kwamba dobi amenawiri hadi anang'aa. Mstari, ambaye tangu ujana alikuwa mwembamba wa kuchekwa, alifurahi kuliko alivyotaka watu wajue. Mkewe alimsogezea kifungo cha suruali mara ya kwanza mwezi wa tatu, na mara ya pili mwezi wa tano. Soksi zilimwachia alama ya duara juu ya kifundo cha mguu, akaona soksi za siku hizi zinabana. Kuchoka alikuwa anachoka, lakini nani asiyechoka akiinama juu ya karai tangu saa kumi na mbili asubuhi? Mgongo ulipouma alimeza vidonge vya maumivu, viwili asubuhi na viwili jioni, na alikuwa ameshasahau ni lini alianza.

Kisha akaanza kuona kwamba povu la chooni limezidi. Kila alipomaliza haja ndogo lilikuwa limejaa, jeupe, nene. Mstari hakujiuliza mara mbili. Alikwenda moja kwa moja kumgombeza mkewe.

"Mama watoto, sabuni unaimwaga tu siku hizi. Choo kimejaa povu utadhani tunafulia humo."

"Mimi? Kopo la sabuni liko kwako, baba. Mimi kazi yangu sindano."

"Basi nani?"

"Labda choo kimeamua kujifua chenyewe."

Mstari hakucheka. Alilificha kopo la sabuni chini ya meza ya pasi na kwa wiki mbili akapima nusu kijiko mahali pa kijiko. Makoti ya duka la dawa yalitoka na rangi ya majivu, mwenyewe akalalamika, Mama Vifungo akaomba radhi kwa niaba ya mtu aliyesimama nyuma ya pazia akijifanya hasikii. Povu halikupungua hata kidogo.

Halafu maji yakakatika mtaani. Yalikatika Jumanne, yakarudi Ijumaa jioni, na kwa siku hizo zote hakuna karai lililolowa. Kamba zilikaa tupu. Mstari alinyoosha nguo zilizokuwa zimeshafuliwa, akamaliza, akakaa. Alhamisi asubuhi alikwenda chooni, akamaliza shughuli yake, akainama kuangalia.

Povu lilikuwa pale pale.

Hapo sasa ujuzi wake wote ulimgeukia. Hakuna sabuni iliyoingia chooni kwa siku mbili nzima. Na zaidi ya hapo, alipolitazama vizuri kwa mara ya kwanza, aliona kwamba hata kama ingekuwapo sabuni, hili si povu lake. Povu la sabuni lina mapovu makubwa, linapasuka haraka, ukilimwagia maji safi linakimbia. Hili lilikuwa la mapovu madogo yaliyobanana. Alichota kikombe cha maji kwenye ndoo ya akiba akalimwagia. Likazunguka, likatulia, likabaki. Mstari alitoka akakaa juu ya karai lililogeuzwa. Aliogopa, na hakukuwa na wa kumgombeza.

"Mama watoto," akaita. "Lile povu ni langu."

Mama Vifungo alianza kucheka, akamwona usoni, akaacha. Alichuchumaa mbele yake, akapandisha pindo la suruali, akabonyeza kidole gumba kwenye muundi wa mguu. Alipokitoa, shimo lilibaki. Walilitazama wote wawili, likikataa kujaa.

"Huku si kunenepa," akasema mkewe. "Huku ni kuvimba. Na mimi mjinga nakusogezea vifungo."

Kesho yake Mstari alikwenda zahanati. Mtu wa maabara alichovya kijiti kwenye kikopo cha mkojo, akakishika karibu na chupa yenye rangi za kulinganishia, akasema "Mh," akachovya kingine kuhakikisha. Kutoka hapo aliandikiwa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa figo. Mama Vifungo alitaka kwenda naye, lakini maji yalikuwa yamerudi na nguo za siku nne zilikuwa zimefika dari. Jumatatu Mstari alikwenda peke yake.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye koti lililopigwa pasi vibaya kiasi cha kumuumiza Mstari moyo. Kola ilikuwa imeanzwa upande wa nje, na kila dobi anajua kwamba kola huanzwa upande wa ndani. Kwa sababu hiyo alimsikiliza kwa nusu sikio mwanzoni. Daktari aliuliza habari za kisukari, za presha, za dawa anazotumia. Kisha akauliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi:

"Kuna virusi vyovyote umewahi kuambiwa unavyo? Vya ukimwi? Vya homa ya ini?"

"Hapana," akasema Mstari.

Sasa hapa inabidi tumweleze vizuri, maana mtu asiyemjua angemwita mwongo na kumaliza. Miaka sita nyuma watu wa benki ya damu walikuja shuleni kwa wale walimu, na Mstari, aliyekuwa amepeleka nguo, akajitolea naye. Baada ya mwezi alipata barua. Ilisema damu yake imeonekana kuwa na virusi vya homa ya ini aina B, na tafadhali afike kliniki iliyo karibu naye. Mstari aliisoma akiwa amesimama, akaanza kuingoja homa. Homa anaijua. Homa inapanda, unatetemeka, unafunikwa blanketi, unameza dawa, inashuka, unarudi kazini. Alingoja wiki, akangoja mwezi. Haikuja. Ini nalo alilibonyezabonyeza tumboni, ingawa kusema kweli hakuwa na hakika liko upande gani, na popote alipobonyeza hapakuuma. Basi akajisemea kwamba mtu asiye na homa wala maumivu ya ini hana homa ya ini, na barua ile walikosea mtu au ugonjwa wenyewe umeshapita kimyakimya.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba chini ya barua palikuwa na mstari uliosema ugonjwa huo huambukizwa kwa damu na kwa kujamiiana, na kwamba mwenza naye apimwe. Mstari alimwona akilini Mama Vifungo akimuuliza ameutoa wapi. Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuutoa popote, na alijua jinsi jibu hilo linavyosikika. Akaichana barua vipande vidogo akavimwaga pamoja na maji ya makarai. Kwa hiyo alipomjibu daktari "hapana," nusu yake aliamini anasema kweli, na nusu nyingine ilijua fika.

Daktari alimchukua damu hata hivyo. Siku ya nne akamwita.

"Baba, mbona uliniambia hujawahi kuambiwa una virusi?"

"Daktari, wewe ulikuwa unaniuliza mambo ya figo."

"Nilikuuliza homa ya ini. Nimeiandika hapa."

"Mimi homa sikupata. Hata siku moja."

Daktari aliweka kalamu chini. Mstari alitegemea kuchekwa au kugombezwa, na angependelea kugombezwa. Hakupata hata kimoja.

"Hilo jina limewaponza wengi," akasema daktari. "Homa ni jina tu, baba. Unaweza kukaa na virusi hivi miaka thelathini, mwili usipate joto hata mara moja."

"Sawa. Lakini si vya ini? Figo zimeingiaje?"

"Makao yao ni kwenye ini. Lakini mwili wako unapambana navyo kila siku, na mabaki ya ugomvi huo yanazunguka kwenye damu. Damu yote inapita kwenye figo kuchujwa. Mabaki yanakwama pale kwenye chujio, mwili unakuja kuyapiga pale pale yalipokwama, na chujio linaumia. Likishaumia linavujisha protini iliyotakiwa ibaki kwenye damu. Protini ndiyo inayofanya mkojo utoe povu. Na damu ikikosa protini haishiki maji, yanateremkia miguuni na usoni."

Mstari alifikiria mashuka ya nyumba ya wageni, yale yaliyofuliwa mpaka nyuzi zimeachana na ukiyainua unaona mwanga upande wa pili. Alielewa vizuri kabisa. Alitamani asingeelewa.

"Zimekufa?" akauliza.

"Bado. Zimebaki na nguvu ya nusu, na hivyo vidonge vyako vya mgongo vimesaidia kuziharibu, kwa hiyo viache leo hii. Nakupa dawa ya kutuliza virusi. Virusi vikitulia, figo mara nyingi hupata nafasi ya kujirudi. Lakini ni kidonge kila siku, saa ile ile, kwa miaka, labda maisha. Ukiruka ruka, virusi vinaamka. Figo zikienda zimekwenda, utakuwa unalala kwenye mashine mara tatu kwa wiki." Akamtazama. "Mkeo anajua?"

Mstari alitazama ile kola.

"Mwambie. Alhamisi ijayo njoo naye, lazima naye apimwe. Watoto?"

"Wawili. Walichanjwa wakiwa wachanga, kadi zao zipo."

"Leta na kadi. Na nisikilize, baba. Dawa ya kufichwa huwa inarukwa. Nimeyaona hayo hapa mara nyingi sana."

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Mstari alirudi nyumbani, akamwambia mkewe kwamba figo zimechoka kidogo, amepewa dawa, chumvi apunguze, na Alhamisi wanatakiwa waende wote wawili kusikiliza ushauri. Mkebe wa dawa aliutia ndani ya kopo la wanga wa kukazia nguo, kwa sababu wanga ni kazi yake na hakuna mwingine anayeligusa. Jumamosi alimeza. Jumapili Mama Vifungo aliamua kupika wanga kwa ajili ya makoti, akakaa na lile kopo asubuhi nzima miguuni pake, na Mstari akazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia mpaka saa ya dawa ikapita. Siku ya pili tu, na alikuwa ameshairuka. Maneno ya daktari yalimrudia.

Jumanne alijaribu kuliingia jambo kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anapiga pasi, mkewe anatunga uzi.

"Kuna mtu mmoja pale hospitali," akaanza, "aliambiwa ana ugonjwa, miaka mingi nyuma. Hakumwambia mkewe."

"Kwa nini?"

"Aliogopa atamfikiria vibaya."

"Mpumbavu," akasema Mama Vifungo, akakata uzi kwa meno.

Mstari alipiga pasi mkono wa shati uliokuwa umeshapigwa.

Jumatano mchana, wateja walipokatika, aliweka pasi kando na kuchomoa waya. Alisimama upande wa kaunta wanaposimama wateja, na hilo peke yake lilimfanya mkewe anyanyue kichwa. Akasema yote kwa mkupuo: virusi, barua, miaka sita, chujio, mashine mara tatu kwa wiki, kesho kupimwa, kopo la wanga, Jumapili. Alisema na kwamba hajawahi kutoka nje ya ndoa, na kwamba anajua hana namna ya kulithibitisha. Mama Vifungo alikuwa anashona kifungo kwenye koti la duka la dawa. Hakuacha kushona. Alizungusha uzi, akafunga fundo, akakata. Kifungo alikuwa amekishona juu ya mfuko.

"Miaka sita," akasema.

"Sikupata homa, nikadhani..."

"Usinieleze habari za homa. Barua ulisoma?"

"Nilisoma."

"Ilisema na mimi nipimwe?"

"Ilisema."

Mama Vifungo alikifumua kile kifungo, akakirudisha mahali pake, na hakusema naye tena siku hiyo.

Alhamisi walikwenda, wakakaa kwenye benchi moja wakiacha nafasi ya mtu wa tatu katikati. Majibu ya mke yalitoka baada ya wiki. Daktari alieleza taratibu: virusi hivyo viliwahi kumwingia Mama Vifungo, mwili wake ukapigana navyo ukavimaliza, na hatavipata tena. Watu wazima wengi huwa hivyo. Lini vilimwingia, hakuna kipimo kinachoweza kusema. Huenda ni miaka mingi kabla ya ile barua. Kuhusu mumewe, kwa jinsi alivyokaa navyo bila dalili, inaelekea sana alivipata siku ya kuzaliwa, kutoka kwa mama yake. Kama mama yupo apimwe, na ndugu wote wa tumbo moja wapimwe.

"Mama alishafariki," akasema Mstari. "Nina dada mmoja tu."

Nje, kwenye lile benchi, Mama Vifungo alikaa akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nimepona ugonjwa nisiojua niliumwa," akasema. "Kumshukuru Mungu, namshukuru. Na kwamba hukuutoa kwa mwanamke nimesikia, nimeamini. Lakini ningekuwa nimelala hapa na mimi nimevimba, ungekuwa umeniua kwa kunyamaza. Virusi sina ugomvi navyo, havina mdomo. Wewe unao."

Mstari alisema ndiyo.

"Sasa dada yako utampigia simu mwenyewe. Kwa mdomo huo huo. Mpaka utakapompigia, mimi na wewe ni habari za kazi tu."

Na Mama Vifungo akisema kitu huwa amesema. Dawa ilihamia juu ya kaunta, mahali pa wazi, na saa mbili kamili za asubuhi aliisukuma mbele ya mumewe pamoja na gilasi ya maji, hata kama karani wa mahakama alikuwa amesimama pale. "Koti linachukuliwa saa nne," alimwambia. "Kola ya mwalimu bado." Chakula alipakua, maji ya kuoga aliweka. Zaidi ya hapo, kimya. Miguu ya Mstari ilianza kupungua wiki ya pili, na baada ya mwezi kijiti cha maabara kilionyesha rangi hafifu kuliko ya kwanza. Daktari alifurahi, akamwonya asisherehekee mapema. Alirudi nyumbani na habari hizo njema akakuta mke wake anahesabu vifungo, na hakuwa na wa kumpa.

Kwa nini hakupiga simu? Dada yake alimzidi miaka saba. Alimbeba mgongoni, alimfundisha kusoma, na sasa alikuwa mlezi wa bweni la wasichana katika mji wa pili, mtu wa kuheshimika anayetembea na funguo kiunoni. Mstari aliona kwamba kumwambia "kapime" ni sawa na kumtukana marehemu mama yao. Kila Jumapili alishika simu, akasema mtandao hausomi. Mkewe alitazama minara miwili ya simu iliyosimama juu ya paa la jirani, akaendelea na sindano.

Jumapili ya tano, saa saba mchana, Mstari aliweka simu juu ya kaunta, akaifungua sauti ya nje ili mkewe asikie kila neno, akapiga.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini? Wewe si mtu wa kupiga simu mchana."

"Dada, naumwa. Nina virusi vya homa ya ini. Vimeniharibu figo. Nameza dawa, naendelea vizuri. Daktari anasema inaelekea nilivipata kwa mama, siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo na wewe nenda kapime, dada. Nisamehe kwa kulisema hivi."

Kwa mbali walisikika wasichana wakiitana bwenini.

"Najua," akasema dada yake.

"Unajua nini?"

"Kwamba mama alikuwa navyo. Nilikuwa naye hospitali walipomwambia, mwaka ule wa mwisho wake, alipovimba. Na mimi walinipima siku hiyo hiyo. Ninavyo."

Mstari alishika ukingo wa kaunta. "Mwaka ule ndio niliposa."

"Ndiyo sababu." Sauti ya dada ilianza kukatika. "Mama aliniapisha. Alisema, usimwambie mdogo wako, wala mtu yeyote. Wakijua kwetu kuna ugonjwa wa damu, atakosa mke."

Mstari hakuthubutu kumtazama mkewe. Alitaka kumkasirikia dada yake, na haki alikuwa nayo, maana miaka kumi na minane ya dawa na vipimo ilikuwa imepotea hivi hivi. Lakini kila neno alilotafuta la kumwambia alikuta ni lile lile aliloambiwa yeye kwenye benchi la hospitali. Machozi yakamtoka, akayaacha.

Mama Vifungo aliivuta simu upande wake.

"Wifi, shikamoo. Ni mimi. Huyo mke alipatikana, na yupo bado. Sasa niambie ukweli, na usimwapie mtu mwingine tena. Walipokupima ulianza dawa?"

"Hapana."

"Uliwahi kurudi hospitali?"

"Ningesema nakwenda kufanya nini?"

"Na sasa hivi mwili unauonaje?"

Walimsikia akifunga mlango, na kelele za wasichana zikapotea.

"Wifi, mkojo umepungua," akasema. "Tangu juzi karibu sipati hata tone. Na pumzi haitoshi, nalala nimekaa. Nimewaambia wasichana ni mafua."

"Usilale. Waambie wakupeleke hospitali sasa hivi, nasi tunakuja."

Mama Vifungo alikata simu. Alichomeka sindano kwenye mto wake mdogo wa sindano, akajifunga kitambaa kichwani, akatoa mkoba.

"Basi la mchana linaondoka saa ngapi?" akauliza.

"Saa nane," akasema Mstari. "Nguo za mwalimu je? Alisema anazipitia leo."

"Mwalimu atavaa za jana. Chukua dawa yako, funga mlango. Tunakwenda wote."